Kimelea Kinachoizuia Seli Isife

Je, wajua kwamba kila siku mwilini mwa mtu mzima hufa seli bilioni 50 hadi 70, na kwamba seli hizo hujimaliza zenyewe kwa utaratibu maalumu? Utaratibu huohuo ndio unaotenganisha vidole vya mtoto angali tumboni, kwa kuziua seli za ngozi iliyoviunganisha. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie waliuita apoptosisi.

Kaskazini mwa Juba, katika majimbo ya Jonglei, Unity na Upper Nile nchini Sudan Kusini, upo ugonjwa unaostawi kwa kuuvuruga utaratibu huo. Ni kala-azar. Huenezwa na nzi wa mchanga, mdudu mdogo kuliko mbu, anayependa misitu ya migunga na mijunju kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Mgonjwa hushikwa na homa isiyoisha, hukonda, damu humpungua na wengu huvimba. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa. Kati ya 1984 na 1994 mlipuko wa ugonjwa huu uliua watu wanaokadiriwa kufika 100,000 katika eneo la Upper Nile Magharibi, lililokuwa na wakazi wapatao 280,000 tu.

Kimelea chenyewe, Leishmania donovani, hakiogopi askari wa mwili. Huingia ndani ya makrofaji, seli nyeupe zinazomeza vijidudu, kikazaliana humohumo.

Seli iliyovamiwa hivyo ingepaswa kujiua, na hapo ndipo mitokondria zinapoingia. Watu wengi huzijua kama mitambo ya nishati ya seli, lakini kati ya tando zake mbili kila mitokondria imehifadhi protini iitwayo saitokromu c. Katika siku za kawaida protini hiyo husaidia kupitisha elektroni ili nishati ipatikane. Seli ikishapata amri ya kufa, protini BAX na BAK hutoboa utando wa nje, na saitokromu c humwagika. Mwaka 1996 Xiaodong Wang na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mmwagiko huo ndio unaowasha mauaji. Nje ya mitokondria, saitokromu c hushikana na protini nyingine, Apaf-1, zikaunda gurudumu lenye mikono saba. Gurudumu hilo huamsha vimeng'enya vinavyoitwa kaspesi, navyo hukatakata protini za seli. Seli husinyaa, hugawanyika vipande vilivyofungwa vizuri, na jirani zake huvila bila kuacha uvimbe.

Kimelea huyazuia yote hayo mapema. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba makrofaji zilizoambukizwa Leishmania donovani huchelewa kufa. Baadaye watafiti wakabaini njia mojawapo: kimelea huifanya seli itengeneze kwa wingi protini MCL-1, ambayo huizuia BAK isitoboe. Mitokondria zikibaki nzima, kimelea kinabaki na makazi.

Ajabu ni kwamba kimelea nacho kina mitokondria, tena moja tu. Miltefosine, dawa iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya saratani, huibana mitokondria hiyo kwenye kimeng'enya kinachopokea elektroni kutoka kwa saitokromu c, na kimelea hufa kwa dalili zinazofanana na apoptosisi. Wataalamu bado wanabishana kama kifo hicho kinastahili jina hilo, maana kimelea hakina kaspesi halisi.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Sudan Kusini alidungwa sindano za dawa mbili kila siku kwa siku 17. Jaribio lililofanyika Ethiopia, Kenya, Sudan na Uganda, ambalo matokeo yake yalichapishwa 2022, lilionyesha kwamba vidonge vya miltefosine pamoja na sindano moja ya paromomycin kwa siku, kwa siku 14, hutibu vizuri vilevile. Lakini miltefosine huweza kudhuru mimba, kwa hiyo mjamzito hapewi, na mwanamke anayeweza kushika mimba huhitaji uzazi wa mpango wakati wa tiba na kwa miezi kadhaa baadaye.