Mjue Njiwa kwa Umbo Lake Kabla ya Kumnunua



Wengi wetu hupenda kufuga njiwa kwa kuwa hawahitaji nafasi kubwa, na sehemu ya chakula chao hujitafutia wenyewe. Lakini anayenunua bila kukagua anaweza kupoteza mgawo wake bure. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa kilo tatu za maharage ya mgawo nikapewa njiwa wawili, nikaambiwa ni dume na jike. Baada ya siku chache nikakuta mayai manne katika kiota kimoja. Nilifurahi sana, kumbe wote walikuwa majike! Jike mmoja kwa kawaida hutaga mayai mawili tu. Halikuanguliwa hata moja.

Je, njiwa mzuri utamjuaje?

1. Uzito na urefu
Njiwa wa kawaida wa nchi zetu za joto, akishakomaa, huwa na gramu 250 hadi 350 hivi. Toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia ni sentimeta 30 hadi 35. Mabawa yakitandazwa hufika sentimeta 60 hadi 70. Wapo njiwa wa kigeni wanaofugwa kwa nyama ambao huzidi gramu 700. Usiwalinganishe na hawa wetu.

Kumpima uzito, mfunge taratibu katika kitambaa na umweke kwenye mzani wa dukani. Kisha pima kitambaa peke yake, utoe uzito wake. Kwa urefu, tumia futi ya fundi cherehani.

2. Kidari
Huna mzani? Pitisha kidole juu ya mfupa wa kidari. Ukiwa na nyama pande zote mbili, njiwa ana afya. Ukichomoza kama makali ya kisu, amekonda: ana njaa au ni mgonjwa.

3. Umri
Kinda huondoka kiotani akiwa na wiki nne hadi tano, na uzito wake huwa karibu sawa na wa wazazi. Basi usidanganyike na ukubwa. Kinda ana nyuzi za manjano kichwani, mdomo laini na macho ya kahawia. Aliyekomaa mara nyingi ana macho mekundu au ya rangi ya chungwa, na kinyama cheupe kama chokaa juu ya mdomo.

4. Dume au jike
Rangi haisaidii. Dume huwa mkubwa kidogo, mwenye kichwa kipana na shingo nene, lakini tofauti ni ndogo; vipimo peke yake havitoshi. Watazame asubuhi: dume huvimbisha shingo, hunguruma na kuzunguka huku akiburuta mkia. Njia ya hakika ni kununua jozi uliyoiona ikilea makinda yake. Mayai hulaliwa siku 18 hivi. Mchana utamkuta dume juu yake, usiku jike.

5. Dalili za ugonjwa
Usimchukue mwenye vidonda mdomoni au kwenye kope, utando wa manjano kinywani, au manyoya machafu chini ya mkia.

Mwisho, banda la njiwa lisiwe ndani ya nyumba mnamolala. Nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo njiwa.

Ukimkagua njiwa kwa dakika tano, utaokoa chakula cha watoto wako.