Maarifa Yaliyotoka Kwetu na Bei ya Kuyarudisha

Mwaka 2006 jarida la elimu ya maumbo ya ardhi liitwalo Geomorphology lilitoa makala ya wataalamu wa Ubelgiji na wa Uganda juu ya maporomoko katika kaunti ya Manjiya, iliyo ubavuni mwa Mlima Elgon, nayo ndiyo iliyofanywa wilaya ya Bududa mwaka huo huo. Walieleza humo jinsi ukali wa mteremko, asili ya udongo, wingi wa mvua, na mazoea ya wakazi ya kuchimba kando ya kilima ili wapate kiwanja cha nyumba, yanavyokutana hata ardhi ikashindwa kujishika. Miaka minne baadaye, jioni ya tarehe 1 Machi 2010, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi katika wilaya hiyo hiyo, na mamia ya watu ama walikufa ama hawakuonekana tena. Siwezi kudai kwamba makala ile ingaliwaokoa, kwa kuwa karatasi haizuii mlima, na kuhamisha watu ni kazi ya dola. Lakini mimi ni mkutubi, na kwa mkutubi liko swali jingine lisiloepukika: mwalimu wa Bududa, au karani wa wilaya, au kijana wa Mbale aliyesoma jiografia, lau angalitaka kuisoma habari ya mlima wake mwenyewe, angalilipa kiasi gani? Majarida ya namna hii, kwa msomaji asiye na chuo cha kumlipia, huuza makala moja kwa bei iliyo baina ya dola 30 na 40 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki moja za Uganda, kwa kurasa ambazo aghalabu hazifiki ishirini.

Nakaa Mbale, kando ya mto Nabuyonga, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwatafutia matabibu, wauguzi, walimu na wanafunzi yale wanayohitaji kusoma. Katika kazi hiyo nimetambua kwamba watu wengi, hata wasomi, hawafahamu jinsi makongamano ya wataalamu, ambayo makala zake huuzwa kama zile za majarida, yanavyoendeshwa, wala njia ambayo fedha zake hupitia, na kwa kutofahamu huko hudhani ughali wake ni jambo la kudura, kama ukame au nzige. Ughali huu umefanywa na watu, una hesabu yake, na hesabu hiyo yafaa kuwekwa wazi.

Kongamano huanza kwa tangazo la kuita makala. Mtaalamu huandika aliyoyapata katika utafiti wake, akayapeleka kwa halmashauri. Halmashauri huwapa wataalamu wenzake wawili au watatu wayahakiki, nao huifanya kazi hiyo bila ujira, kwa heshima ya fani. Makala ikikubaliwa, mwandishi naye halipwi chochote. Bali katika fani nyingi huambiwa kwamba sharti mmoja wa waandishi alipe ada ya ushiriki kabla ya siku fulani, la sivyo makala haitatiwa katika kitabu cha kongamano, yaani ule mkusanyiko wa makala zote zilizosomwa pale, ambao ndio ushahidi pekee utakaobaki baada ya hadhirina kutawanyika. Ada hiyo, katika makongamano makubwa ya Ulaya na Marekani, ni mamia ya dola, na pengine yapita elfu. Hulipia ukumbi, chakula, mitambo, na ujira wa kampuni iliyokodiwa kupanga mambo. Kisha kitabu hukabidhiwa mchapishaji, naye hukiuza kwa vyuo vile vile ambavyo walimu wao ndio walioandika, wakahakiki na kulipa kiingilio. Mlipa kodi aliyegharimia utafiti tangu mwanzo huwa ametoa fedha mara tatu: kwa kazi yenyewe, kwa safari ya kuieleza, na kwa ruhusa ya kuisoma.

Insafu yanitaka niseme kwamba mchapishaji ana kazi yake: huhifadhi makala zisipotee, huziorodhesha zipate kutafutika, na hudumisha anwani zake kwa miaka na miaka. Zamani, kitabu kilipopangwa kwa herufi za risasi, kikashonwa na kusafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa reli hadi Tororo na Mbale, bei yake ilikuwa na hoja. Leo mwandishi hupanga kurasa zake mwenyewe kwa kufuata kigezo alichopewa, na kutoa nakala ya elfu baada ya ile ya kwanza hakuna gharama ya kutajika. Walakini sura moja ya vitabu hivi bado huuzwa kwa takriban dola 30. Gharama imeshuka na bei imebaki juu, na kwa hili mimi sijapata kuona udhuru wa kuniridhisha.

Tupige hesabu ya mtu wa Mbale ambaye makala yake imekubaliwa Ulaya. Kwa makisio yangu, tuseme ada ni dola 600, tiketi ya ndege kutoka Entebbe 1,100, malazi na chakula cha siku tano 700. Viza ya nchi za Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, pamoja na bima yake na safari mbili za basi hadi Kampala na kurudi, haitapungua dola 200. Jumla ni dola 2,600, nazo zakaribia shilingi milioni 9 na nusu. Mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika shule ya serikali, ambaye mshahara wake ulipandishwa Julai 2022 hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, atahitaji zaidi ya miezi miwili ya ujira mzima, kodi haijakatwa wala mtoto hajapelekwa shule. Na huyo ndiye aliyebahatika, maana mwenzake wa masomo ya sanaa hakupata nyongeza hiyo. Tena liko jambo dogo ambalo wapangaji wa makongamano hawalioni kwa kuwa haliwagusi: ada huwa nafuu kwa anayelipa mapema, ilhali fedha za vyuo vyetu hutoka kwa robo ya mwaka, nazo hutoka kwa kuchelewa, hata maskini akajikuta analipa bei ya juu kuliko tajiri kwa kiti kile kile.

Na mwenye fedha mkononi bado hajafika. Mwaka 2019 kundi la wabunge wa Uingereza linaloshughulikia mambo ya Afrika lilitoa taarifa kwamba waombaji wa viza ya nchi hiyo kutoka Afrika hukataliwa zaidi ya mara mbili kuliko wengine. Katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Montreal mwaka 2022 wajumbe wengi wa Afrika walikosa viza, wakati ugonjwa unaojadiliwa umetua zaidi kwao kuliko kwa wenyeji wa mji ule. Mimi mwenyewe niliwahi kukubaliwa makala juu ya maktaba za hospitali za mikoani. Wenzangu walinichangia ada, nikaipeleka kabla ya siku ya mwisho, na jibu la viza likaja wiki moja baada ya kongamano kufungwa. Ada haikurudishwa, kwa kuwa masharti yalisema hairudishwi. Kurasa zangu zilichapishwa, ninazo; za wenzangu, ambazo ndizo nilizotaka kuzisikia, maktaba yetu haikuweza kuzinunua hata leo.

Hapo huulizwa na vijana: basi makongamano yana faida gani, si tuyaache? Nami huwajibu kwa kisa kilichotoka Uganda. Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa serikali aliyeanzia kazi Lira kabla ya kuhamia Kampala, aliona mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili za uso, jambo ambalo vitabu havikulieleza. Mwaka uliofuata aliandika makala katika jarida la wapasuaji wa Uingereza, nayo haikuzua shauku kubwa. Ndipo tarehe 22 Machi 1961 alipotoa mhadhara katika chuo cha hospitali ya Middlesex, London, na kijana mmoja wa maabara ya pale, Anthony Epstein, ambaye shughuli yake ilikuwa virusi vya saratani ya kuku, aliona tangazo lake likiwa limebandikwa, akaingia kusikiliza. Kabla mhadhara haujaisha alikwisha kuazimia kutafuta virusi ndani ya uvimbe ule wa watoto wa Afrika. Vipande vya uvimbe vikawa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi ambavyo mpaka sasa huitwa kwa jina lake na la Barr, virusi vya kwanza kujulikana kuwa vyaleta saratani kwa binadamu. Makala ya 1958 ilikuwa wazi mbele ya kila msomaji, wala haikufanya kazi iliyofanywa na saa moja ya watu kukaa chumba kimoja. Ndiyo maana sitaki makongamano yafe. Nataka mlango wake uwe ule wa tangazo lililobandikwa ukutani, ambao Epstein aliupita kwa sababu tu alikuwa jirani.

Ujirani huo twaweza kuwa nao hapa. Jinja imekuwa makao ya elimu ya uvuvi tangu mwaka 1947, ilipoanzishwa taasisi ya utafiti wa samaki ya Afrika Mashariki. Na Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyozaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kisumu mwaka 1994, ina makao makuu hapo hapo. Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti wa Jinja, alionya mwaka 1960 juu ya shauri la kumleta sangara katika ziwa, na maonyo yake aliyachapisha katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, mikononi mwa maofisa wale wale waliokuwa wakiamua. Hakufuatwa, sangara alikuwa amekwisha kutiwa ziwani, akazidi kutiwa, na aina nyingi za samaki wadogo zikatoweka. Lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba maneno yake yalichapishwa mahali pasipofikika, na mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa.

Dawa zipo, ijapokuwa hazijatimia. Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji lilianzisha mpango wa Hinari mwaka 2002, ambao kwao taasisi za Uganda husoma maelfu ya majarida bila malipo. Kasoro yake ni kwamba hupewa taasisi, si mtu, hata daktari kijana niliyemzoeza kuutumia akiwa mwanafunzi huupoteza siku anapopangiwa kituo cha afya mlimani, yaani siku anapouhitaji kuliko zote. Kadhalika jumuiya ya USENIX ya wataalamu wa kompyuta ilifungua vitabu vya makongamano yake bure mwaka 2008, na wa elimu ya lugha na kompyuta wanao mkusanyiko wao wa ACL ulio wazi kwa kila mtu, wala fani hizo hazikufilisika. ACM, jumuiya kongwe ya kompyuta, ilitangaza kwamba maandishi yake yote yatakuwa wazi kuanzia Januari 2026. Kuna hatari, hata hivyo, ya kumfungulia msomaji mlango kisha kumtoza mwandishi gharama yote, nayo katika baadhi ya majarida hupita dola elfu kadhaa. Mpango usiomsamehe mwandishi wa nchi maskini umehamisha kizuizi tu. Kuhusu mahali pa kukutania, kongamano la akili mnemba liitwalo ICLR, lililokuwa lifanyike Addis Ababa mwaka 2020 likazuiwa na UVIKO, lilifanyika Kigali mwaka 2023, na mtu wa Mbale aweza kufika Kigali kwa basi, bila viza.

Kwa upande wetu uko mfano ulio bora kuliko hiyo yote. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusu watoto 3,141 wenye homa kali katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwamo. Ukadhihirisha kwamba kumtilia mtoto wa namna hiyo maji mengi ya dripu kwa haraka, kama vitabu vya Ulaya vilivyoamuru, huzidisha vifo. Makala yake husomwa bila ada. Muuguzi wa Mbale aweza kuifungua katika simu yake, akaona mambo yaliyopatikana katika wodi yake.

Hilo ndilo ninaloliomba liwe kanuni kwa kila anayekuja kupima damu za watoto wetu, samaki wa ziwa letu au miteremko ya mlima wetu, na kwa kila atakayeandika juu ya siku ile ya Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuchukua watu: katika bajeti ile ile inamotajwa tiketi ya ndege na ada ya kongamano, utajwe pia mkutano wa siku moja Mbale au Jinja, usio na kiingilio, wa kuyasoma matokeo mbele ya waliohusika, na nakala moja ya karatasi kwa maktaba. Sisi hufungua saa mbili asubuhi, na rafu ya mambo ya Elgon ina nafasi.