Je, Wajua Kwa Nini Tumbo Halijili Lenyewe?

Ukila ugali kwa matumbo, tumbo lako hulimeng'enya tumbo la ng'ombe mpaka likaisha, lakini lako likabaki zima. Yote mawili ni nyama. Kulikoni?

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, protini zinazokata chakula vipande vidogo vinavyoweza kupenya ukuta wa utumbo. Kila kimoja kina chake. Amilesi ya mate hushughulika na wanga tu: tafuna tonge la ugali taratibu bila kumeza, utasikia utamu kwa mbali, kwani wanga umeanza kugeuka sukari. Nyama haiigusi. Mafuta kwa sehemu kubwa husubiri utumbo mwembamba, ambako nyongo huyatawanya kuwa vitone ndipo lipesi iyakate. (Nyongo yenyewe si kimeng'enya, ingawa wengi hudhani hivyo.)

Cha kuogopwa ni pepsini, iliyogunduliwa na Mjerumani Theodor Schwann mwaka 1836. Hiyo hukata protini, na tumbo limejengwa kwa protini. Ndiyo maana seli za tumbo haziitoi ikiwa tayari. Huitoa ikiwa pepsinojeni, yenye kipande cha ziada kilichoziba makali yake kama panga ndani ya ala. Ikishakutana na asidi ya tumbo, kipande hicho hukatika na kazi ikaanza. Hata hivyo ukuta wa tumbo hauachwi wazi: umefunikwa ute mzito wenye bikaboneti ya kupoza asidi, na seli zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au dawa kama aspirini na ibuprofeni, vikiuharibu ulinzi huo, vidonda vya tumbo hupata mlango.

Kongosho nalo hujihami vivyo hivyo. Tripsini yake, mkata protini mwingine, hutoka ikiwa tripsinojeni na huamshwa na kimeng'enya cha ukuta wa duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Ikiamka mapema, ingali ndani ya kongosho, kiungo hicho huanza kujimeng'enya. Pombe nyingi na vijiwe vya nyongo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya balaa hilo. Kwa hiyo ukishikwa na maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni huku unatapika, usimeze dawa ya gesi ukalala. Wahi hospitali.