Wimbo wa Umma Hutungwaje?

Mara nyingi kada akipewa kazi ya kutunga wimbo huanza na hotuba. Huikata vipande, kisha huvitafutia sauti. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 nyimbo za namna hiyo zilitungwa kwa wingi, na si chache zilizokufa mara tu mgeni wa heshima alipopanda gari. Kwa nini?

Sisi tunaofundisha siasa tumtazame manju wa Usukumani. Katika bugobogobo, ngoma ya kulima, jembe ndilo linalotawala mapigo. Mstari usiolingana na kuinuka na kushuka kwa jembe humkata mkulima pumzi. Haufai, hata kama maneno yake ni ya kweli tupu. Manju huimba, wenzake huitikia kwa maneno machache ambayo hata aliyefika sasa hivi aweza kuyadaka. Ufundi umo humo, katika kiitikio, maana hicho ndicho mali ya wengi.

Tena manju hana mwenyekiti wa kumwombea makofi. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, baada ya mavuno, pande mbili hucheza wakati mmoja, na watazamaji huhamia wapendako. Upande uliokimbiwa umeshindwa. (Dawa nazo hutumika, lakini hilo si somo letu.)

Kwa hiyo, ndugu, wimbo wa kuhimiza kilimo upelekwe shambani kabla ya kupelekwa kwenye kamati. Uimbwe mara mbili, kisha mtungaji anyamaze. Watu wakiendelea bila yeye, uandikwe. Wakinyamaza naye, akatengeneze upya kiitikio.