Ugonjwa mmoja, sura nyingi: Anachojifunza mwanafunzi wa uuguzi na faida yake nyumbani



Huenda nyumbani kwako yupo binti au kijana anayesomea shahada ya uuguzi, Muhimbili au katika chuo kingine. Kila akija likizo unamwona ameinamia madaftari yaliyojaa michoro ya moyo, mapafu na figo. Ukimuuliza anasoma nini, atakwambia anasoma mwenendo wa magonjwa katika vipindi vyote vya umri. Maneno hayo ni mazito, lakini maana yake ni nyepesi, na kila baba na mama anaihitaji.

Somo hilo linauliza mambo mawili. Kwanza, maradhi yakishaingia mwilini yanafanya nini hasa? Pili, kwa nini maradhi yale yale humjia mtoto mchanga kwa namna moja, mjamzito kwa namna nyingine, na mzee kwa namna ya tatu?

Faida yake kwa familia ni hii: ugonjwa mmoja hauna sura moja. Anayesubiri kuona kwa mtoto mchanga dalili alizozizoea kwa mtu mzima, anaweza kusubiri mpaka wakati wa kutibu umepita.

Jambo hili si geni kwetu

Waislamu tunaijua safari ya mwanadamu kutoka udhaifu kwenda kwenye nguvu, kisha kurudi kwenye udhaifu na mvi. Aya ya 54 ya Surat Ar-Rum inatukumbusha hilo. Naye Ibn Sina, katika kitabu chake cha Al-Qanun alichokikamilisha mnamo mwaka 1025, aliugawa umri wa mwanadamu katika vipindi vinne, akaeleza kuwa hali ya mwili hubadilika kutoka kipindi hadi kipindi. Wanafunzi wa leo wanaendeleza njia hiyo hiyo kwa elimu na vipimo vya zama zetu. Tuchukue mifano.

Homa ya mapafu

Katika homa ya mapafu, ambayo wengi huiita nimonia au kichomi, vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hujaa maji na usaha. Hewa safi haipiti vizuri kuingia katika damu. Hayo hutokea kwa kila mgonjwa, lakini tazama tofauti zake.

Mtu mzima mwenye afya hupata homa kali, kikohozi na maumivu ya kifua anapovuta pumzi. Mwili wake una nguvu ya kupambana, na mapambano hayo ndiyo tunayoyaona.

Mtoto mchanga huenda asikohoe kabisa. Anaweza hata kuwa wa baridi badala ya kuwa na homa, kwa sababu mwili wake bado hauwezi kujirekebisha joto sawasawa. Utakachokiona ni kuwa ameacha kunyonya, amelegea na anapumua haraka. Mama mkwe atasema, "Mtoto mtulivu huyu, analala tu." Kumbe utulivu huo ndio ugonjwa wenyewe.

Mzee naye anaweza kukosa homa, kwa kuwa kinga yake imepungua nguvu. Badala yake huanza kuchanganyikiwa, kukataa chakula au kuanguka anapokwenda msalani. Wanawe husema ni uzee tu. Lakini mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo hamtambui mjukuu wake, huyo si uzee uliomjia kwa siku mbili. Ni mgonjwa, apelekwe hospitali.

Kwa watoto kipo kipimo ambacho mzazi yeyote mwenye saa anaweza kukitumia. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fungua nguo kifuani na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa mwenye umri chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukikuta hivyo, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke haraka kituo cha afya. Angalia jinsi kipimo kinavyobadilika kwa umri: pumzi 45 kwa dakika si tatizo kwa mtoto wa wiki mbili, lakini kwa wa miaka mitatu ni hatari.

Malaria

Malaria tunaifahamu sana, na huenda ndiyo sababu tunaidharau. Katika sehemu zenye malaria nyingi, mtoto huzaliwa na kinga aliyopata kwa mama yake, nayo humsaidia kwa miezi michache ya mwanzo. Kinga hiyo ikishapungua, na yake mwenyewe haijajengeka, ndipo huja upungufu mkubwa wa damu na degedege. Mtoto mwenye degedege hana pepo, na usimwekee kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, kisha mkimbize hospitali.

Mtu mzima aliyekulia katika eneo hilo huwa na kinga ya kiasi, na huenda akahisi uchovu na maumivu ya kichwa tu. Lakini kinga hiyo haidumu bila kuambukizwa mara kwa mara. Ndugu aliyeishi Muscat au Uingereza miaka mingi, akirudi kusalimia nyumbani, asiseme kuwa malaria ameizoea tangu utotoni. Mwili wake umekwishasahau.

Kwa mjamzito, hasa wa mimba ya kwanza, vijidudu hujificha katika kondo la nyuma. Mama anaweza asihisi homa, huku damu yake ikipungua na mtoto tumboni akikosa chakula cha kutosha, azaliwe na uzito mdogo. Ndiyo maana kliniki humpa dawa ya SP ya kuzuia kuanzia miezi mitatu ya kati ya ujauzito, kwa vipindi vya angalau mwezi mmoja, ingawa hajisikii mgonjwa. Mwenye hali ya pekee, kama anayetumia cotrimoxazole, aieleze kliniki kabla ya kumeza.

Kisukari

Wengi wetu tunadhani kisukari ni maradhi ya watu wazima wanene. Mtoto naye hupata. Kwake, kinga ya mwili hugeuka na kuziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Huanza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, na badala ya kupelekwa hospitali huchapwa. Akichelewa hutapika na kupumua kwa nguvu, na watu hudhani ni malaria au nimonia. Mwombe mhudumu ampime sukari.

Kwa mtu mzima, aghalabu insulini ipo, ila mwili haiitikii ipasavyo. Ugonjwa unaweza kukaa kimya miaka mingi huku ukiharibu macho, figo na mishipa ya miguu.

Kwa mzee anayetumia dawa, hatari kubwa ni sukari kushuka, hasa katika Ramadhani. Kijana sukari ikishuka hutetemeka, hutoka jasho na kuhisi njaa. Mzee huenda asionyeshe hayo, bali akaongea maneno yasiyoeleweka au akasinzia. Anayejua kumeza na ana fahamu apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, kisha apelekwe hospitali. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali mara moja. Mwongozo wa matabibu ni kuwa sukari ikiwa chini ya 3.9, au juu ya 16.6 kwa kipimo cha mmol, mgonjwa afungue mara moja. Kupima kwa tone la damu la kidoleni hakubatilishi funga kwa kauli ya wanazuoni wengi. Mazungumzo na daktari kuhusu dawa za daku na futari yafanyike Shaabani, si siku ya kuandama mwezi.

Asali kwa mtoto mchanga

Asali ina heshima kubwa katika dini yetu na ina manufaa yake. Lakini inaweza kubeba viini vilivyolala vya bakteria wa botulinumu. Mtu mzima akivimeza hupita tu, kwani utumbo wake umekomaa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 viini vinaweza kuamka humo tumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli: haja kubwa inakwama, kilio kinakuwa dhaifu, kunyonya kunamshinda, kichwa kinalegea. Si ugonjwa unaoonekana kila siku, lakini unaua. Tahniki ni kwa tende. Anayeifanya aoshe mikono kwa sabuni, asiwe na kikohozi wala kidonda cha mdomo, na atumie tende laini kidogo sana isiyoweza kumkaba mtoto. Asali isubiri mpaka mtoto atimize mwaka.

Neno kwa mwanafunzi

Wewe unayesoma uuguzi, usikariri orodha za dalili kama anayekariri bila kujua maana. Chora jedwali. Ubavuni andika umri: mtoto mchanga, mtoto, kijana, mjamzito, mtu mzima, mzee. Juu andika: nini kimeharibika, mwili unajibu vipi, nini kinaonekana, muuguzi aangalie nini. Kisha kwa kila dalili jiulize kwa nini.

Anza kwa kujua uzima kabla ya ugonjwa. Moyo wa mtoto mchanga aliyetulia hupiga kama mara 120 hadi 160 kwa dakika, wa mtu mzima ni 60 hadi 100. Asiyejua hilo ataona ugonjwa pasipo ugonjwa, na atapita ulipo bila kuuona. Ukiwa wodini, soma umri wa mgonjwa kabla ya kusoma jina la maradhi yake.

Neno kwa wazazi

Mwanafunzi wa mwaka wa pili bado si muuguzi. Si haki kumtaka amchome sindano shangazi yake au amchagulie jirani dawa dukani. Akikosea, aliyeumia ni mgonjwa, na anayebeba lawama ni mtoto wenu. Mwacheni afanye anachokiweza: ahesabu pumzi, awasomee maelekezo ya dawa, awasindikize zahanati na awaeleze alichoambiwa mgonjwa.

Tena mpeni muda wa kusoma. Mara nyingi binti akirudi likizo hukabidhiwa jiko, nguo na wadogo zake, huku kaka yake akiachiwa meza na taa. Elimu anayoitafuta ndiyo itakayomtambua mjukuu wenu aliyelegea na babu yenu aliyechanganyikiwa.

Ndugu msomaji, kila anapougua mtu nyumbani kwako, kabla ya kusema hii ni homa ya kawaida, jiulize kwanza: huyu ana umri gani, na maradhi haya katika umri wake huonekanaje? Ukiwa na shaka juu ya mtoto mchanga, mjamzito au mzee, usingoje asubuhi.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema na atuponyeshee wagonjwa wetu. Tukutane wiki ijayo inshaallah.

Wabillahi tawfiq.