Mbunge Aliyeondoka Pasipo Kushindwa

Imekuwa ada katika mikusanyiko yetu ya ughaibuni, iwe ya arusi au ya kuhani msiba, kwamba sahani zikishaondolewa na chai ikaletwa, mazungumzo huelekea Meru, na yakishafika Meru hayachelewi kumfikia Joshua Nassari, aliyekuwa mbunge wa Arumeru Mashariki hadi 2019. Na hapo kila msemaji huwa na riwaya yake. Yuko asemaye kuwa alishindwa uchaguzi, yuko aapaye kuwa ni mahakama iliyomvua kiti, na wako wengi wamchanganyao na Godbless Lema wa Arusha Mjini, wakampa huyu masaibu ya yule. Barua za wasomaji juu ya kadhia hii zimekuwa nyingi kiasi cha kutulazimu kuieleza kwa urefu, si kwa sababu ya mtu mmoja, bali kwa sababu kilichompata kinaweza kumpata yeyote anayedhani kwamba kuaga ni sawa na kuruhusiwa.

Yaliyo dhahiri nayapitia upesi. Marehemu Jeremiah Sumari, mbunge wa jimbo hilo aliyepata kuwa Naibu Waziri wa Fedha, alifariki Januari 2012, na katika uchaguzi mdogo wa Jumapili, 1 Aprili mwaka huo, Nassari wa CHADEMA, ambaye katika uchaguzi mkuu wa 2010 alikuwa ameshindwa na marehemu huyo huyo, alipata kura 32,972 dhidi ya 26,757 za Sioi Sumari wa CCM, mwana wa marehemu. Mwaka 2015 wapiga kura wa Usa River, Tengeru, Leguruki na Ngarenanyuki wakamrudisha Dodoma. Kwa hesabu ya masanduku ya kura, basi, tangu aingie bungeni hadi siku alipokikosa kiti chake, hakuna mpinzani aliyemshinda.

Mkanganyiko ulianza kwa ukaribu wa tarehe, kwani siku nne tu baada ya ushindi wa Nassari, yaani 5 Aprili 2012, Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Lema kwa malalamiko ya maneno aliyodaiwa kuyatamka dhidi ya mpinzani wake, Dk. Batilda Burian, katika kampeni za 2010, na mji ukakaa bila mbunge hadi 21 Desemba, Mahakama ya Rufani ilipomrejesha kwa hoja kwamba wapiga kura waliofungua shauri hawakuwa na haki ya kulifungua, maadamu haki zao wenyewe hazikuwa zimeguswa. Mkoa wetu wa Arusha, kwa hakika, umekuwa madrasa ya namna zote za kiti kuwa wazi: huko Longido ubunge wa Onesmo Nangole ulitenguliwa na mahakama mwaka 2016, na wananchi wakangoja zaidi ya mwaka hadi Januari 2018 ndipo Steven Kiruswa akapatikana, na huko Monduli Julius Kalanga alikihama chama chake mwaka 2018, akapoteza kiti kwa sababu Katiba haimruhusu mbunge kukaa bungeni baada ya kutoka katika chama kilichompeleka, kisha akakitwaa upya kiti kile kile miezi michache baadaye kwa tiketi ya CCM. Hayo ya kifo, hukumu na kuhama chama watu huyafahamu hata wasipoyapenda; lililowapita ni hili la Nassari.

Tarehe 14 Machi 2019 Spika wa wakati ule, Job Ndugai, aliiarifu Tume ya Uchaguzi kwamba jimbo la Arumeru Mashariki liko wazi, kwa kuwa mbunge wake hakuhudhuria mikutano mitatu mfululizo bila ya ruhusa: ule wa Septemba 2018, ule wa Novemba, na ule ulioanza mwishoni mwa Januari 2019. Msingi wake ni ibara ya 71 ya Katiba, na hapa ndipo wasomaji wetu wengi hujikwaa, maana hudhani kuwa mikutano mitatu ni siku tatu, wakaona adhabu imezidi kosa, au hudhani kuwa ni miaka mitatu, wakamwona mbunge kuwa mzembe asiye na kifani. Wote wamekosea. Siku moja ya Bunge ni kikao. Mkutano ni msururu wa vikao tangu Bunge linapofunguliwa hadi linapoahirishwa, na kwa kawaida mikutano ni minne kwa mwaka. Urefu wake haulingani hata kidogo, kwani mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, ilhali ile mingine mitatu aghalabu haizidi wiki mbili hivi kila mmoja. Aliyekosa mkutano wote wa bajeti, miezi mitatu kasoro, ameandikiwa kosa moja; aliyekosa ile mitatu mifupi, ambayo kwa siku zake zote haifikii urefu wa ule mmoja, amepoteza ubunge. Hesabu ya sheria ni ya mikutano, si ya siku, na asiyeijua hesabu hii atadhani bado ana muda ilhali muda wake umekwisha.

Jambo la pili, ambalo ndilo kiini, ni ruhusa. Nassari alieleza hadharani kuwa alikuwa Marekani kwa sababu za uzazi wa mkewe, na kwamba alikuwa amemwandikia Spika kumjulisha; ofisi ya Bunge ikashikilia kuwa hapakuwa na ruhusa. Tusimame hapo kidogo, kwani pande zote mbili zaweza kusema kweli bila ya kukubaliana. Barua ya kujulisha ni tendo la mwenye kuondoka, nayo humalizika pale anapoituma. Ruhusa ni tendo la mwenye mamlaka, nayo haipo hata kidogo mpaka ajibu, na ajibu kwa maandishi. Mbunge aliyeandika barua kumi akanyamaziwa, mbele ya sheria yu sawa na asiyeandika hata moja. Alikwenda Mahakama Kuu ya Dodoma kuomba nafuu, na kabla ya Machi kwisha maombi yake yalikuwa yamekwisha tupiliwa mbali.

Sisemi kwamba sheria hii ni mbaya, kwani wananchi wana haki ya kuwa na mwakilishi anayeonekana, na mshahara wa mbunge hulipwa kwa kodi zao. Ninalolistaajabia ni ukimya wa wenye dawati. Bunge linayo orodha ya mahudhurio ya kila kikao. Laiti karani mmoja angeandika mistari miwili baada ya mkutano wa pili kumwonya mheshimiwa kwamba amebakiwa na mmoja, maelfu ya wapiga kura wa Meru wasingepokonywa mwakilishi wao kwa kosa wasilolijua wala kulitenda. Lakini afisi zetu huwa na haraka katika kuadhibu na uvivu katika kuonya. Tena atoaye ruhusa ni Spika, na atangazaye kuwa ruhusa haikutolewa ni Spika yule yule. Miezi mitatu baadaye, 28 Juni 2019, Tundu Lissu wa Singida Mashariki, aliyekuwa Ubelgiji akitibiwa majeraha ya risasi alizopigwa Dodoma Septemba 2017, habari iliyojulikana duniani kote, naye alitangaziwa kuwa kiti chake ki wazi, kwa hoja kwamba hakuna taarifa ya maandishi iliyofika kwa Spika ya kueleza alipo, na kwamba hakuwasilisha tamko la mali zake. Mahakama haikumrejesha yeye pia. Basi lijulikanalo na ulimwengu mzima laweza kuwa halijulikani katika faili, na afisi husoma faili.

Kilichofuata Arumeru kinastahili kukumbukwa na wale wadhanio kuwa kiti kikiwa wazi wananchi hupata fursa ya kusema. Uchaguzi mdogo ulipangwa Mei 2019, lakini kabla ya siku hiyo kufika Dk. John Pallangyo wa CCM alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa, na karatasi za kura hazikuhitajika. Nassari mwenyewe baadaye alihamia CCM, na Juni 2021 akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Bunda. Kwa hiyo, katika kipindi kile cha 2015 hadi 2020, watu wa Meru waliwakilishwa na wabunge wawili na walipiga kura mara moja.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa safari za mbali. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 na makazi yao kuteketezwa ili ardhi wapewe walowezi, walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, naye akasimama huko mwaka 1952 akaeleza dhulma waliyotendewa. Alikuwa mbali na nyumbani kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia kuwa amekitupa kiti, kwa sababu waliomtuma ndio waliojua kwa nini hayupo. Tofauti ya zama zile na hizi ni kwamba sasa idhini ya waliokutuma haitoshi, na hata uchungu wao hauandikwi popote; yatakiwa saini ya mtu mmoja aliyeko Dodoma.

Nasaha yetu kwa wasomaji, basi, haiishii kwa wabunge. Wako miongoni mwetu walio wenyeviti wa vyama vya ushirika na wajumbe wa bodi za shule huko Akheri na Poli, wako walioachiwa usimamizi wa mirathi na hali wanaishi nchi za baridi, na kila mmoja wao amekwisha tuma ujumbe wa simu kusema kuwa mwaka huu hatafika, akalala usingizi. Mwenye dhamana ya namna hiyo na aisome katiba ya chama chake leo, atafute kifungu cha mahudhurio, ajue kinahesabu nini, kisha aombe ruhusa mapema na asikubali kunyamaziwa: jibu lisipokuja, atume ndugu yake akalifuate dirishani na kurudi na nakala yenye muhuri. Na ajapo kwetu mwanasiasa akajitambulisha kuwa alikuwa mbunge wa mahali fulani, msimpigie makofi wala msimzomee kabla ya kumwuliza alitokaje: kwa kura, kwa hukumu, kwa kuhama, au kwa kutokuwepo. Atakayejibu kwamba alikuwa na ruhusa, mwombeni awaonyeshe barua.