Kupaka rangi isiyong'aa juu ya rangi ya mafuta

Katika baadhi ya nyumba za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, ziwe za mbao au za matofali yaliyopigwa lipu, kuta za ndani zilipakwa rangi ya mafuta kwa sababu huoshwa kirahisi. Baada ya miaka, mwenye nyumba huchoka kuona mwanga wa dirishani ukifichua kila kasoro ya mwiko na kila kiungo cha mbao. Anataka rangi ya maji isiyong'aa. Tatizo ni kwamba rangi hiyo ikipakwa juu ya ile ya mafuta mara nyingi hubanduka.

Rangi ya ukutani ina sehemu tatu: unga unaoficha kilicho chini, gundi inayoshika unga huo, na kimiminika, yaani maji au tapentaini, kinachokauka na kuondoka. Gundi ikiwa nyingi hufunika unga na kuacha uso laini. Mwanga hurudi upande mmoja, ukuta hung'aa. Unga ukizidi, chembe zake huchomoza, mwanga hutawanyika, na kasoro hazionekani sana. Kwa hiyo rangi isiyong'aa ina gundi kidogo kuliko ile ing'aayo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Gundi hiyo kidogo inahitaji mahali pa kushikilia, na uso wa mafuta ulioganda hauna vinyweleo wala mikwaruzo. Moshi na mafuta ya jikoni yakiwepo juu yake, rangi mpya hushika uchafu badala ya ukuta.

Basi osha kwanza kwa sabuni, suuza, acha ukauke. Kisha piga msasa wa namba 150 au 180 mpaka mng'ao upotee kote. Huna haja ya kufika kwenye lipu. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni hatari kwa watoto, kwa hiyo lowanisha ukuta unaposugua na uwatoe watoto chumbani. Futa vumbi, upake rangi ya msingi iliyotengenezwa kushika juu ya rangi ya mafuta, halafu mikono miwili ya rangi isiyong'aa. Palipo na unyevu unaopanda kutoka chini, tibu unyevu huo kwanza, rangi haiuzuii.

Hali ya hewa nayo ina neno. Rangi ya maji hushikamana maji yanapotoka na chembe za gundi kuungana. Baridi ya usiku katika nyanda za juu za Masisi huzuia muungano huo. Unyevu wa msitu wa Walikale huchelewesha maji kutoka. Masisi, anza ukungu ukishatoweka, umalize mapema. Walikale, fungua madirisha na uongeze muda kati ya mkono na mkono.

Kwa maoni yangu, si kila ukuta upakwe hivyo mzima. Rangi isiyong'aa hunyonya uchafu na huchakaa ikisuguliwa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini, nyuso za vitu zilisafishwa ili kuua vijidudu kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, na ukuta wa chumba cha matibabu lazima uvumilie kuoshwa namna hiyo. Kwenye zahanati, jikoni na korido, acha rangi ya mafuta mpaka mita 1.5 kutoka sakafuni, na isiyong'aa ipande kuanzia hapo hadi dari. Sebuleni na vyumba vya kulala inaweza kushuka mpaka chini.

Kabla ya kununua ndoo nzima, jaribu kipande kidogo. Baada ya siku kadhaa kikwaruze kwa wembe msalaba, bandika utepe wa gundi, uuvute kwa nguvu. Rangi ikitoka na utepe, rudi kwenye msasa.